Paa Lisilovuja

Kamachumu, Muleba
Alhamisi, jioni

Kwako Dada Evelyne,

Naanza kinyume na tulivyofundishwa shuleni, kwa sababu nikianza na salamu nitasalimu hadi karatasi iishe na ujasiri uniponyoke. Dada, mimi nakojoa kitandani. Nina miaka kumi na saba. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Kwenye kitubio huwa nasema tu kwamba nimedanganya, naye ananipa Salamu Maria tano bila kuuliza nimedanganya nini.

Haya, nimeshaandika, na kalamu haikuvunjika.

Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo Dada? Miguu yako bado inavimba kwa kusimama saluni kutwa? Kamala ameota jino la pili? Huku sisi wazima. Kahawa imeiva, ua mzima umetandazwa mikeka, na kazi yangu tangu asubuhi ni kufukuza kuku. Mukaaka anakusalimu mjukuu wake. Anasema Kashai hapo mjini imekufanya uwe na simu fupi fupi, kama mtu anayeunguliwa na chakula.

Ningekupigia, lakini unaijua simu yake. Bila spika haisikiki, na ikiwekwa spika inasikika hadi kwa akina Lwakatare. Kwa hiyo nimeandika. Rafiki yangu Sada anakuja Bukoba kesho, atakuletea bahasha mkononi.

Najua ulinikasirikia. Siku majina ya Kidato cha Tano yalipotoka ulinipigia unapiga vigelegele, nami nikajibu sitaki kwenda bweni. Ukasema bila shaka kuna mvulana. Mukaaka alikuwa anasikia yote, akanitazama tumboni wiki nzima. Hakuna mvulana, Dada. Kulikuwa na godoro. Nilikuwa najiona bwenini, nimepewa kitanda cha juu, na chini yangu amelala mwenzangu. Nikifika hapo kwenye mawazo nilikuwa sifiki mbele tena.

Mama alijua. Hatukuwahi kulizungumza. Alikuwa anageuza godoro kimya kimya na kunitandikia shuka jingine, akitoka chumbani anaimba wimbo wa kanisani ili nisijisikie vibaya. Wewe ulikuwa shuleni miaka ile, hukuyaona. Tulipomzika nikaletwa huku kwa Mukaaka, na asubuhi ya kwanza niliyoamka nimelowa, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mukaaka akaingia, akashika godoro, akauliza hiki nini. Kabla sijawaza, nikasikia mdomo wangu unasema paa linavuja.

Uongo ule ulikaa vizuri, kama mfuniko kwenye sufuria yake. Hali hii hunipata usiku wa baridi, na huku kwetu mvua ikinyesha ndipo baridi inaposhuka. Kwa hiyo kila mvua iliponyesha paa "lilivuja", na godoro langu lilianikwa juani mbele za watu bila mtu kuuliza. Wenzangu wote walikuwa wanaombea kiangazi. Mimi nilikiogopa. Mvua ikikatika nilikosa cha kusingizia. Nilimsingizia paka, nikasingizia chupa ya maji, na mwaka jana nilileta mwanambuzi mgonjwa chumbani makusudi, nikamlaza karibu yangu usiku tatu ili nipate wa kumtupia lawama. Mungu anisamehe, mwanambuzi yule alichapwa.

Aliyeteseka zaidi si mbuzi, ni Mzee Rugambwa. Unamkumbuka, fundi aliyeezeka nyumba hii mwaka Babu alipofariki. Mukaaka alimwita. Akapanda na kopo lake la lami, akapita msumari kwa msumari, akashuka akasema paa ni zima. Mukaaka akamwambia basi mvua inapita mlangoni na kubisha hodi. Akapaka lami palipokuwa pazima, akaenda. Mvua iliyofuata nikalowa tena. Akaitwa mara ya pili, akapanda tena, akashuka tena kichwa anakikuna. Nilikuwa nimesimama chini ninamshikia ngazi, Dada. Namshikia ngazi huku najua.

Ndipo saa yako ya mezani ilipofika mwezi wa nne, zawadi ya kufaulu. Sada aliileta kwenye boksi, tukakaa watatu kitandani kwangu kuifungua: mimi, Sada na Mukaaka aliyekuwa anasema vitu vya umeme visifunguliwe na mikono yenye mafuta. Karatasi ya maelezo ilikuwa na lugha nane na Kiswahili hakimo. Nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kutafsiri kwa mdomo. Imeandikwa ukitaka kuweka saa ubonyeze kitufe kwa sekunde tatu mpaka namba zianze kupepesa, kisha upandishe au ushushe. Kumbe ukikaa sekunde chache bila kugusa, inajifunga yenyewe na kile kilichopo. Mimi nikawa naacha vitufe ili nimweleze Mukaaka, nikirudi inakuwa imeshajifunga kwenye saa ya uongo. Mara tatu! Sada akasema nikiendelea kuhubiri tutafika Krismasi.

Kisha ikaonyesha joto: sabini na mbili. Mukaaka akashika kifua, akasema basi tumeshaiva, lete majani ya migomba tufunikwe. Nikatafuta kitufe cha nyuma, herufi F ikawa C, ikaja ishirini na mbili. Akasema sasa ndiyo imesema kweli.

Kazi ilikuwa kwenye ile taa yake ya kurusha namba juu. Tulifunga dirisha ili kuwe giza, nikainua kile kishingo chake, namba zikatoka nyekundu, zimepinduka kichwa chini. Nikabonyeza kitufe cha kuzigeuza. Zikakaa sawa, lakini chumba changu hakina dari. Zilipofika kwenye mabati zikajikunja kwenye migongo yake hata huwezi kujua ipi tatu ipi nane. Nilipoirudisha saa karibu, zikanasa kwenye chandarua. Sada ndiye aliyesema tutundike shuka jeupe kwenye mbao za kenchi chini ya mabati, tulifunge pembe nne kwa kamba. Tukafunga. Nikazungusha kile kigurudumu kidogo mpaka namba zikakaza, kubwa kama kiganja, mara saa, mara joto, mara saa. Mukaaka alijilaza kitandani kwangu na viatu vyake, akatazama muda mrefu. Akasema, mwana wange, siku hizi mtu anaweza kufa akijua ni dakika ya ngapi.

Tulicheka mno. Mimi sikujua kwamba nimejitundikia shahidi juu ya kitanda.

Wiki ya pili ya mwezi wa tano ilipiga mvua ile ya kung'oa migomba. Niliamka saa tisa usiku, nimelowa. Juu yangu namba zilikuwa zinawaka kwenye shuka, 3:05, kisha 15, kwenye kitambaa cheupe kikavu kabisa. Nilikitazama mpaka nikaelewa. Maji ya paa yangefikaje kwenye godoro bila kugusa shuka? Kulipokucha nikasikia Mukaaka anakuja, anauliza kama tumevuja. Dada, nilichukua kikombe cha maji kilichokuwa mezani, nikayarusha juu. Yakagonga shuka kwa chini, yakafanya doa kubwa, mengine yakanirudia usoni. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimekaa kitandani natiririka maji kichwani. Mukaaka akasema, masikini, limekumwagia hadi kichwa.

Siku hiyohiyo Mzee Rugambwa akaitwa mara ya tatu, na safari hii Mukaaka alikuwa na wamama wawili wa jumuiya ya kanisa. Akamwonyesha shuka. Akamuuliza, Rugambwa, haya ni maji au ni macho yangu? Mzee akasema ni maji, Ma Evodia. Mukaaka akauliza yametoka wapi, kwenye biblia? Wamama wakacheka. Mzee Rugambwa hakupanda juu ya paa. Alipanda kwenye stuli yangu, akapitisha mkono upande wa juu wa shuka, akauangalia mkono. Kisha akanitazama. Hakunitazama sana. Akashuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, kosa ni lake, macho yamezeeka. Mukaaka akamwambia basi na nyundo izeeke. Na kigango kilipotaka fundi wa kuezeka kanisa upya, Mukaaka alisimama baada ya misa akasema watafute anayeona. Wakamwacha.

Usiku ule sikulala. Nilitazama namba mpaka 5:40. Nilikuwa nimezoea kujionea huruma, lakini kumwonea mtu mwingine huruma kwa sababu yangu mwenyewe, hilo lilikuwa geni, na lilikuwa baya zaidi.

Mvua ikakatika mwishoni mwa mwezi wa tano. Nikawa sina pa kujificha, nikasema basi angalau nijue adui yangu ni nani. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Mwijage, alikuwa anasema usiamini kitu ambacho hujakichorea jedwali. Nikachukua daftari la somo lake lilelile, nyuma kabisa, nikachora safu nne: tarehe, saa niliyoamka, joto lililokuwa kwenye shuka, na alama. Nukta ni pakavu. Msalaba unajua. Siku kumi na mbili. Dada, sikuamini. Joto likiwa nyuzi kumi na saba kwenda juu, nukta. Likishuka chini ya kumi na sita, msalaba, na ni kati ya saa nane na saa tisa usiku, hata mara moja halijaniruka. Miaka yote nilidhani ni laana au uvivu wa mwili wangu. Kumbe kuna ratiba!

Basi nikaiwekea saa kengele mbili. Ya kwanza saa saba na nusu usiku, ya pili saa kumi na nusu. Kila nikienda kulala natazama joto limefika wapi. Likianza kushuka mapema navaa sweta na blanketi la pili, na maji ya mwisho nakunywa kabla ya jua kuzama. Kengele ikilia naamka, naitumia ndoo yenye mfuniko niliyoiweka nyuma ya mlango, narudi kulala. Usiku wa kwanza, nukta. Wa pili, nukta. Wa tatu joto lilishuka hadi kumi na nne, nikaomba Mungu, nukta.

Lakini Mukaaka ana masikio. Alisikia kengele, akasikia naamka, kisha kimya. Akaamua mwenyewe. Jumapili akasimama kwenye jumuiya akasema mjukuu wake anaamka saa saba na nusu usiku kusali rozari, na wazazi wa vijana wanaolala kama magogo waje waone. Nilitamani mkeka unimeze. Sasa Mama Joviana ananiita Sista. Ili isiwe uongo mwingine juu ya uongo, nimeanza kusali kweli, fungu moja, nikimaliza na ndoo. Nadhani Bikira Maria ananielewa.

Halafu, wiki mbili zilizopita, nilifungua macho peke yangu. Giza, kimya, hata jogoo hajui. Nikatazama juu: 1:26. Kengele ilikuwa bado dakika nne. Joto kumi na tano. Nikapapasa godoro kwa kiganja, huku na huku, kama mtu anayetafuta pini. Kavu. Mwili wangu uliniamsha wenyewe, Dada. Niliizima ile kengele kabla haijalia, nikalia mimi.

Leo ni siku ya ishirini na sita ya nukta. Siku tatu za mwisho hata sikuweka kengele. Nataka kwenda shule. Nimesema, nataka. Nikipewa kitanda cha juu nitakipanda.

Sasa ndipo penye mwiba. Mukaaka ameamua kahawa ya msimu huu iende kwenye mabati mapya, nyumba nzima. Fundi mwingine anakuja Jumamosi kung'oa ya zamani. Kahawa ni hiyo moja. Ikienda juu ya nyumba, hakuna sanduku, hakuna godoro la shule, hakuna nauli. Na ni mimi niliyemwambia mwezi uliopita, kwa mdomo wangu, kwamba atengeneze paa kwanza, mimi shule si lazima. Nilijificha nyuma ya paa mpaka paa likanifungia mlango. Paa lenyewe zima, Dada. Halijawahi kudondosha hata tone.

Jana nikaenda kwa Mzee Rugambwa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, nilipofika yakatoroka yote. Alikuwa chini ya kibanda chake anapiga randa mbao ya dirisha. Nikapiga magoti kumsalimu na sikuinuka. Nikamwambia, Mzee, paa halivuji. Ni mimi. Maji ya kwenye shuka niliyamwaga mimi.

Hakuacha randa. Akasema anajua.

Nikauliza anajua nini. Akasema, mwanangu, maji ya mvua hayapandi juu. Vumbi la juu ya shuka lile lilikuwa limelala vilevile, halijapigwa na tone. Na maji yakipita kwenye bati la miaka kumi na kitu hushuka na kutu na masizi. Doa lako lilikuwa safi, lingefaa kunywewa. Alijua tangu akiwa kwenye stuli. Nikamuuliza mbona alikubali kutukanwa mbele ya wamama. Ndipo akaweka randa chini. Akasema yeye akiitwa fundi mbaya, kesho atapiga msumari mzuri mahali na watamwita tena. Lakini mimi nikiitwa lile jina lingine siku ile mbele ya wale wawili, ningeitwa nalo hadi harusini kwangu.

Akaniangalia, akacheka kidogo, akasema yeye mwenyewe aliendelea kulowa mpaka alipokwenda kujenga taifa, jeshini. Wiki nzima ya kwanza alilala amekaa, mgongo kwenye nguzo, kwa kuogopa kujulikana. Afande akamsifu mbele ya kombania kwamba huyu Mhaya ndiye mlinzi hodari. Nikamwambia mimi nimeitwa Sista. Tukacheka wote wawili mpaka mkewe akachungulia kuuliza kuna nini, naye akamjibu tunaongea habari za paa.

Hakunidai kitu. Hata habari ya kigango hakuigusa. Alichoniomba ni kimoja tu: yale mabati yasing'olewe Jumamosi. Akasema ni ya geji ishirini na nane, mazito, siku hizi hayapatikani, na aliyapiga mwenyewe akiwa anamlilia Babu, hakukosea msumari hata mmoja. Akasema, mwambie bibi yako kwa namna yoyote unayoweza, hata kama ni kwa kumpa mgongo.

Tangu jana natafuta hiyo namna. Asubuhi nilimfuata kwenye mikeka, nikafungua mdomo, nikauliza kama anataka chai. Mchana nikauliza tena. Amekunywa chai mara nne leo, ananitazama kwa shaka. Mdomo wangu ni mwepesi kwa uongo tu, kwa ukweli unakuwa mzito. Mkono kidogo una nafuu. Ndiyo sababu barua hii imekuwa ndefu hivi. Nilikuwa nakuandikia wewe, lakini kadiri nilivyoendelea nimekuwa naandika maneno ambayo Mukaaka naye anaweza kuyasoma.

Nisamehe kwa kukuacha uwaze mvulana. Asante kwa saa, hujui ulichokituma. Nitakuachia huku uichukue, shuleni nadhani sitaihitaji, na Kamala akikua ataipenda kwenye dari ya kweli. Ukiona inafaa tuonane na daktari hapo mjini kabla sijasafiri, nitakuja, na nitasema mwenyewe. Mbusu Kamala kwenye shavu lenye chakula. Wasalimie majirani zako wote wa Kashai, na yule mama wa maandazi aliyenipa la bure. Mungu akulinde, akupe wateja wenye nywele nyingi.

Nasikia kandambili za Mukaaka uani. Ameshafunika kahawa kabla ya umande, sasa anakuja huku, namjua kwa kisigino cha kushoto anavyokiburuza. Tangu saa tisa nimeandika hivi: akikaribia, naisukuma karatasi chini ya godoro, akipita, naitoa. Mara sita leo.

Safari hii naiacha mezani, imetazama juu. Miwani yake alikuwa ameisahau kwenye dirisha langu. Nimeifuta na kuiweka juu ya ukurasa wa kwanza. Yeye husoma taratibu, kwa kidole, mstari kwa mstari, na hajanawa mikono tangu asubuhi. Ukiipokea barua hii ina alama za kahawa pembeni, ujue ameisoma kabla yako, na Jumamosi hakuna atakayepanda juu ya paa letu.

Mdogo wako,
Renatha